Jongoo katikati ya tandu: jeni moja inapoulizwa swali zito

Swali: Nimesoma mfuatano wa jeni ya COI ya tandu wanane na majongoo sita. Nilipochora mti wa ukoo, majongoo wawili waliangukia katikati ya tandu, na matawi ya shinani yana uungwaji mkono (kipimo cha jinsi data inavyolithibitisha tawi) chini ya asilimia 50. Je, uainishaji wa zamani umekosea?

Jibu: Haujakosea, na huenda data yako si mbovu. Umeipa jeni hii mzigo usio wake. COI imo katika mitokondria, vinu vya nishati vya seli, na hubadilika upesi, ndiyo maana inafaa sana kutenganisha spishi ambazo kwa macho ni pacha. Tandu na jongoo, lakini, walitengana zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita, muda mrefu mno kwa jeni ya upesi namna hii.

Tazama kodoni moja tu, yaani herufi tatu za DNA zinazoagiza asidi amino moja, tofali la protini. GCA, GCC, GCG na GCT zote huleta asidi amino ileile, alanini. Herufi ya tatu ikibadilika, protini haidhuriki, basi hubadilika tena na tena. A ikawa G, G ikawa T, T ikarudi A: unachokiona leo ni A, kana kwamba hakuna kilichotokea. Pia spishi mbili zinazobadilika haraka huishia kushiriki herufi nyingi kwa bahati tu, na mti ukazikutanisha ilhali si ndugu. Nashuku hayo ndiyo yaliyowapata majongoo wako wawili. Angalia kama matawi yao ni marefu kuliko ya wenzao.

Kwanza tafsiri mifuatano yote kuwa asidi amino, kwa jedwali la mitokondria ya wanyama wasio na uti wa mgongo. Ukikuta kodoni ya kikomo (inayosimamisha utengenezaji wa protini) katikati, huenda umenasa nakala ya jeni iliyokufa iliyohamia kwenye kiini cha seli, iondoe. Kisha futa herufi ya tatu ya kila kodoni, uchore upya.

Kwa matawi ya shinani ongeza jeni za ribosomu, 18S na 28S, zinazokwenda polepole. Nazo zina mipaka yake: miti ya mwanzo ya jeni chache iliwasogeza tandu na jongoo kwa buibui, hadi mwaka 2010 uchambuzi wa jeni 62 za kiini ulipowaweka upande wa wadudu na kaa. Kwa hiyo weka buibui na kaa, wote wawili, kama vikundi vya nje, yaani wanyama wa kulinganishia walio nje ya kundi unalolichunguza.

COI usiitupe, usije ukatupa jongoo na mti wake. Itakufaa kwenye ncha za matawi. Wala usilidharau umbile. Kwa tandu wote, jozi ya kwanza ya miguu imegeuka kucha za sumu, na jongoo hana. Mti unaodai kwamba kucha hizo zilizuka mara mbili, au zilizuka zikapotea, unahitaji ushahidi mzito kuliko asilimia 50.

Ukirudia sampuli, chukua misuli ya miguu, si tumbo: utumbo wa jongoo umejaa majani yaliyooza na kuvu, na DNA yao itakuchanganya. Hifadhi kwenye ethanoli kali, kamwe si formalini.