Maswali ya Wasomaji: DD-214 Iliyosahau Ulikotumwa

Vijana wengi wa Afrika Mashariki walioingia jeshi la Marekani, wakiwamo waliopitia mpango wa MAVNI uliotafuta wasemaji wa lugha kama Kiswahili, sasa wamekwisha kuvua sare. Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu karatasi moja, DD-214, yaani hati ya kuondoka jeshini. Tumechagua tano. Majibu yanafuata taratibu za jeshi la nchi kavu. Wa majini na wa anga wasome mwisho wa jibu la kwanza.

*

SWALI: Nilikuwa Afghanistan na kikosi cha uchukuzi tangu katikati ya Machi 2011 hadi mwanzoni mwa Machi 2012. Kwenye DD-214 yangu Afghanistan haimo kabisa, wala nishani yake. Siku ya kuondoka nilitia saini bila kuisoma vizuri. Je, haki yangu imekwenda? — Dereva wa zamani, Texas

JIBU: Haijakwenda, ndugu. Saini uliyoweka kisanduku cha 21 haigeuzi kosa kuwa kweli. Hati hii huandaliwa na karani anayenakili yale anayoyakuta kwenye muhtasari wa kumbukumbu zako siku hiyo. Kama kikosi hakikuingiza safari yako, au amri ya nishani ilitoka baada ya wewe kuondoka, karani hana pa kuitoa.

Anza kwa kuhakikisha unayo nakala ndefu, ile yenye visanduku vya 23 hadi 30 chini. Nakala fupi haitoshi kwa kazi hii. Kisha kagua sehemu tatu. Kisanduku cha 12f kinahesabu muda wa huduma nje ya nchi kwa miaka, miezi na siku; ukikuta sifuri wakati ulikaa karibu mwaka mzima, hilo ni kosa la pili la kuomba lirekebishwe. Kisanduku cha 13 ni cha nishani. Kisanduku cha 18 ni cha maelezo, na ndipo panapotakiwa kuandikwa nchi uliyotumwa pamoja na tarehe za kuingia na kutoka, kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku bila nafasi: 20110314 na kadhalika. Watu hung'ang'ania cha 13 kwa sababu ya fahari, lakini ofisa wa idara ya wastaafu wa jeshi, VA, anayepitia madai ya afya huangalia cha 18 kwanza.

Kuhusu nishani yenyewe, usiombe pungufu ya unachostahili. Nishani ya Kampeni ya Afghanistan hutolewa kwa aliyekaa huko siku 30 mfululizo, au 60 zisizofuatana. Juu yake huwekwa nyota ndogo ya shaba kwa kila awamu ya kampeni uliyoshiriki. Awamu iitwayo Consolidation III ilikwisha 30 Juni 2011, na Transition I ikaanza 1 Julai 2011. Safari yako imekanyaga zote mbili, kwa hiyo ni nyota 2. Ukiandika tu "nishani ya Afghanistan", unaweza kupewa bila nyota na ukalazimika kurudi tena.

Sasa ushahidi. Wenye uzito zaidi ni amri ya safari yenye jina lako, ikifuatwa na fomu ya madai ya nauli na posho, DD 1351-2, kwa sababu inaonyesha siku uliyoingia na siku uliyotoka. Tathmini ya afya baada ya safari, DD 2796, nayo husaidia: inataja nchi na iliandikwa wakati ule ule. Ripoti ya utendaji ya NCO (askari wa ngazi ya sajini) ikisema ulisimamia misafara Kandahar, iweke.

Wengi hukimbilia karatasi za mshahara za LES zinazoonyesha malipo ya hatari ya dola 225. Hizo ni nzuri, ila zina tundu. Kabla ya Februari 2012, kukanyaga eneo la hatari siku moja tu kulikupa dola 225 za mwezi mzima. Baada ya hapo ndipo hesabu ikaanza kuwa dola 7.50 kwa siku. Hivyo LES moja ya 2011 haithibitishi siku 30. Weka za miezi kadhaa mfululizo, au ziambatanishe na karatasi yenye tarehe.

Kama huna chochote nyumbani, ingia tovuti ya jeshi ya milConnect, fungua sehemu ya kumbukumbu za utumishi (DPRIS), uombe OMPF, yaani faili lako lote la utumishi. Wasioweza kuingia wajaze fomu SF-180, au waombe kwa mtandao wa eVetRecs wa Hifadhi ya Taifa. Kituo chenyewe, NPRC, kiko St. Louis. Omba faili zima. Ukiomba DD-214 peke yake watakuletea DD-214 ile ile yenye kosa.

Ukishapata karatasi, usikimbilie bodi ya marekebisho ya kumbukumbu. Andika kwanza kwa Kamandi ya Rasilimali Watu ya jeshi iliyoko Fort Knox, Kentucky, ukiomba marekebisho ya kiofisi. Barua ya ukurasa mmoja inatosha: kisanduku namba fulani kinasema hivi, kinatakiwa kisome hivi, ushahidi ni kiambatanisho namba fulani. Tuma nakala, ubaki na asili. Wakikubali, watatoa DD-215. Hiyo haifuti DD-214. Ni karatasi ya pili inayotembea nayo, kwa hiyo kila mahali unapopeleka moja, peleka zote mbili.

Wakikataa, au wakisema hawana mamlaka, barua yao itunze sana, maana ndiyo tiketi ya hatua inayofuata: fomu DD 149 kwenda bodi ya marekebisho ya kumbukumbu, ambayo wajumbe wake ni raia, si wanajeshi. Bodi hurudisha maombi ya mtu ambaye hajamaliza njia za kawaida, na hurudisha pia fomu isiyo na saini. Hilo la pili hutokea mara nyingi kuliko unavyodhani. Bodi huanza kwa kudhani jeshi liliandika sawasawa, na ni juu yako kuonyesha kwamba kosa lina uwezekano mkubwa zaidi kuwa kweli. Wakiomba maoni ya ofisi nyingine utaletewa nakala. Yajibu ndani ya muda uliotajwa, hata kwa aya mbili, hasa yakiwa yanakupinga. Sheria inataka asilimia 90 ya mashauri yamalizwe ndani ya miezi 10, na yasizidi 18.

Wa jeshi la majini na marine bodi yao ni BCNR, wa anga ni AFBCMR, na walinzi wa pwani wana yao chini ya Idara ya Usalama wa Ndani. Fomu ni ile ile, anwani zimo ndani yake.

*

SWALI: Nilikuwa Djibouti na kikosi cha akiba mwaka 2009. Nina shida ya kifua, nataka kudai VA, lakini DD-214 haitaji Djibouti. Nimeambiwa mwisho ni miaka mitatu na mimi nimechelewa. — Mtu wa Mombasa, sasa Georgia

JIBU: Kuna mambo mawili hapo, kaka, na usiyachanganye.

Miaka 3 inahusu bodi, na huhesabiwa tangu ulipogundua kosa, si tangu ulipotoka jeshini. Hata ikipita, bodi inaweza kuisamehe kwa ajili ya haki. Fomu ina sehemu ya kueleza sababu ya kuchelewa. Ijaze kwa ukweli na kwa ufupi. Kuiacha wazi ni kuwapa sababu ya bure.

VA ni mlango mwingine kabisa, nao usingoje DD-215. Sheria ya PACT ya 2022 inaihesabu Djibouti miongoni mwa nchi ambazo aliyehudumu huko tangu 11 Septemba 2001 anachukuliwa kuwa alivuta moshi na vumbi lenye sumu. Kwa orodha maalumu ya magonjwa, huhitaji kuthibitisha kwamba ni safari ile iliyokuletea. (Somalia imo pia, tena tangu 2 Agosti 1990.) Unachotakiwa kuthibitisha ni kwamba ulikuwepo, na amri ya safari inafanya kazi hiyo hata kama DD-214 imenyamaza. Wasilisha leo kusudio la kudai, fomu 21-0966. Inakushikia tarehe kwa mwaka mmoja, na malipo yakikubaliwa yanaweza kuhesabiwa kuanzia hapo. Halafu ndipo uhangaike na marekebisho. Tumeona watu wakifanya kinyume, wakapoteza malipo ya miezi mingi kwa kungoja karatasi.

Kwa upande wa nishani, Djibouti si ya kampeni ya Afghanistan. Inaangukia nishani ya GWOT (vita dhidi ya ugaidi) ya safari za nje, ile ya Expeditionary, kwa kipimo kile kile cha siku 30 au 60. Ile ya Service, ambayo karibu kila mtu wa miaka hiyo anayo, ni nyingine, na makarani huzichanganya. Soma jina zima kabla ya kusema tayari unayo.

*

SWALI: Kamanda wangu wa platuni alisema ameniandikia Bronze Star mwaka 2012. Haikuja. Naweza kuiombea bodi? — Sajini mstaafu, Washington

JIBU: Hapa tofauti ni kubwa, afande. Nishani ya kampeni ni hesabu ya siku. Ukizitimiza ni yako. Bronze Star, ARCOM au AAM (nishani za kutambua utendaji wa askari) ni uamuzi wa kamanda mwenye mamlaka, na bila amri ya kudumu yenye namba na tarehe, nishani hiyo haipo hata kama kila mtu kikosini aliisikia ikitangazwa.

Kwanza tafuta kama amri ilitoka bila kuingia faili lako. Waulize wenzako waliopewa siku hiyo: mara nyingi majina kadhaa huwa kwenye amri moja, na nakala ya mwenzako inamaliza shauri lako kwa barua moja tu Fort Knox.

Kama haikutoka, pendekezo linatakiwa liwe limeingia rasmi ndani ya miaka 2 ya tukio. Muda huo umepita, na kilichobaki ni kifungu cha 1130 cha sheria namba 10 ya Marekani: mbunge wa Congress wa eneo lako ndiye anayepeleka ombi jeshini. Ofisi yake itakutaka utie saini ridhaa ya kufunguliwa taarifa zako. Andaa fomu ya kupendekeza nishani, DA 638, maelezo ya tukio, na ushuhuda wa kuapa wa walioshuhudia. Huwezi kujipendekeza mwenyewe. Mpendekezaji awe aliyekuwa juu yako katika ngazi ya amri, au mwenye kujua tukio kwa macho yake, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kumtafuta yule kamanda wa platuni.

Ushuhuda unaofaa unataja cheo na kikosi cha shahidi wakati ule, mahali, tarehe, alisimama wapi na aliona nini. Barua tano zenye sentensi zilezile, zilizonakiliwa moja kutoka nyingine, ni dhaifu kuliko mbili zinazotofautiana kidogo kama watu wawili wanavyotofautiana.

*

SWALI: DD-214 ina jina nililoingia nalo. Baada ya kutoka niliapa uraia na nikabadilisha jina. Wabadilishe? — Dada wa Arusha, Ohio

JIBU: Kwa kawaida hawabadilishi, dada. Hati hiyo inasimulia jina ulilotumikia nalo, na bodi hukataa maombi ya namna hii mara kwa mara. Ambatanisha cheti cha uraia au amri ya mahakama kila unapoitumia. Benki na VA wamezoea.

Kosa la herufi ni jambo lingine. Kama mkataba wako wa kuandikishwa na pasipoti vinasema Mwanaisha na DD-214 inasema Mwanisha, hilo linarekebishika kwa DD-215. Na kama faili lako linaonekana tupu, omba litafutwe kwa tahajia zote mbili, na pia kwa majina yaliyogeuzwa. Wenye majina matatu yasiyo na ubini wa familia ndio wanaopatwa sana: karani mmoja anachukua jina la baba, mwingine la babu, na amri zinaishia kwenye faili mbili.

*

SWALI: Mume wangu alifariki. Kuna bwana anataka dola 1,200 "asafishe" DD-214 yake na kuongeza nishani zilizokosekana. Nimlipe? — Mama wa watoto wawili, Minnesota

JIBU: Pole sana, mama. Usimlipe. Mjane ambaye hajaolewa tena anatambuliwa kama ndugu wa karibu: unaweza kuomba faili kwa SF-180 bila malipo ukiambatanisha cheti cha kifo, na unaweza kutia saini DD 149 kwa niaba ya marehemu. Maofisa walioidhinishwa wa vyama vya wastaafu wa jeshi vya American Legion, DAV na VFW, pamoja na ofisa wa wastaafu wa jeshi wa kaunti yako, husaidia kujaza bure.

Anayesema ataongeza nishani yeye mwenyewe kwenye karatasi anakuambia ataghushi hati ya serikali. Nakala iliyochezewa ikifika VA italinganishwa na ile ya St. Louis, na jina litakalokuwa kwenye ombi ni lako.

Ukiwa unasubiri, usiisajili DD-214 kwa karani wa kaunti kabla ya kuuliza kama kumbukumbu hizo ni za wazi kwa umma huko. Ina tarehe ya kuzaliwa, na hati za zamani zina namba nzima ya Social Security.