Mafuta hayakai: nitengeneze au nibadilishe gari?

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nina SUV ndogo ya petroli, cc 2000. Ilikuwa ikinipa kilomita 10 kwa lita, sasa 7. Fundi kabadilisha plagi, hakuna nafuu. Niuze ninunue haibridi (gari la petroli na umeme)?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usiuze kwanza, ndugu. Pima upya: jaza tangi mpaka pampu ikate, rudisha tripu (kihesabu cha kilomita za safari) sifuri, tembea kama kilomita 300, jaza tena pampu ileile, kisha gawa kilomita kwa lita zilizoingia. Mshale wa mafuta si kipimo.

Tunashuku thamostati, vali inayodhibiti maji ya kupoza injini. Ikikwama wazi, au fundi akiwa ameing'oa (wengine huona ni dawa ya kila gari linalochemka), injini haifikii joto lake na kompyuta huendelea kuongeza mafuta kana kwamba gari limewashwa sasa hivi. Dalili yake ni mshale wa joto kushuka ukiwa barabara kuu. Sensa ya oksijeni (hupima moshi wa injini) iliyochoka huleta hasara hiyohiyo. Isomwe kwa mashine kabla ya kununua mpya. Ukisimama, sogeza mkono karibu na kila rimu: moja ikiwa na joto kuliko wenzake, breki yake imekwama, haiachii. Upepo upimwe tairi zikiwa baridi, kwa kufuata kibandiko cha mlango wa dereva.

Haibridi hulipa kwenye foleni za mjini. Barabara kuu pengo hupungua. Kwa kipimo cha Marekani, Toyota RAV4 haibridi ya 2019 hufika kilomita 17 kwa lita, na ya petroli ya 4WD (inayosukumwa na magurudumu yote manne) kama 12. Ukiinunua, kagua kichujio cha feni ya betri chini ya kiti cha nyuma. Vumbi likikiziba, betri huchemka.