Jibu: Lenzi ya 18-55 mm (ile ya kawaida ijayo na kamera) yatosha kupiga picha mbio za baiskeli za mteremkoni?

Yatosha kuanzia, kaka, usikimbilie kukopa hela za lenzi kubwa. Weka shata (muda kamera inaofunguka kupokea mwanga) 1/1000 ya sekunde na fokasi ya kufuatilia, ile inayoandama kitu kinachosogea, ulenge kofia ya mwendeshaji, si gurudumu. Ukitaka mandhari ya nyuma yake ionekane kama mistari ya kasi, shuka hadi 1/80 umfuate kwa kamera huku wabonyeza. Nyingi zitaharibika, ndiyo kazi yenyewe.

Mbio hizi huachiwa mmoja mmoja kushindana na saa. Kila mtu akupita mara moja tu, basi chagua kona yako siku ya mazoezi. Tena kamera huulaza mteremko, pichani waonekana kama tambarare! Ingiza miti iliyosimama wima, ukali wake uonekane.

Mombasa ni tambarare, najua. Zoeza mkono na bodaboda za Nyali, ukiwa kando ya barabara.