Bendera zipi zitundikwe darasani? Jibu langu kutoka Utah

Ndugu zangu,

Wiki mbili zilizopita binamu yangu aliniuliza mbele ya ukoo mzima kama ni kweli kwamba huku Marekani shule zinatozwa faini kwa sababu ya bendera zilizotundikwa darasani, kama bendera yetu ya Tanzania nayo imepigwa marufuku, na kama binti yangu analazimishwa kila asubuhi kula kiapo mbele ya bendera ya watu. Shangazi akahitimisha kwamba uhuru wanaojisifia Wamarekani umekwisha. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila jibu fupi nililoandika lilikuwa na uongo ndani yake.

Ninaishi Utah, na Utah ndilo jimbo lililotangulia mengine kupitisha sheria ya namna hii. Ilianza kutumika tarehe 7 Mei 2025. Sheria yenyewe haitaji bendera inazozikataa. Inaorodhesha zinazoruhusiwa katika shule za umma na majengo ya serikali, na ile isiyomo kwenye orodha haina nafasi ukutani. Zimo bendera ya taifa, ya jimbo, za miji, za majeshi, za mataifa ya wenyeji wa asili wa Amerika, za nchi nyingine, za vyuo, hata ya Olimpiki. Kila mtu hapa anajua kwamba iliyolengwa hasa ni bendera ya upinde wa mvua ya wapenzi wa jinsia moja, ingawa bendera za kampeni za kisiasa nazo zimeachwa nje. Faini ni dola 500 kwa siku, nayo inailenga taasisi ya serikali inayokaidi.

Kwa hiyo, binamu, kwa maandishi ya sheria bendera yetu inaruhusiwa. Yaliyotokea shuleni kwa binti yangu ni hadithi nyingine. Mwalimu wake alikuwa na kamba ndefu ukutani yenye bendera ndogo za karatasi, kila mtoto akiwa amechora ya nchi walikotoka wazazi au mababu zake. Sheria ilipokaribia kuanza, mwalimu mkuu aliagiza kila kitu chenye sura ya bendera kishushwe, isipokuwa ile ya taifa na ya jimbo, mpaka wanasheria watakapomweleza nini kinaruhusiwa. Kamba ilikaa kabatini kwa takriban wiki mbili. Hakuna aliyeikataza Tanzania. Ni woga wa mtu asiyetaka shule yake iwe ya kwanza kutolewa mfano. Nimejifunza huku kwamba sheria huwafikia watoto kwanza kwa umbo la woga wa watu wazima, na maandishi yenyewe hufuata baadaye, yakifuata.

Sasa niwaambie ninavyoona mimi, maana mlitaka jibu la wazi. Wanaoitetea sheria wanasema ukuta wa darasa la umma ni mali ya wazazi wote wanaolipa kodi, na mwalimu anayetundika alama ya upande mmoja anawaambia watoto wa upande mwingine kwamba wao ni wageni mle ndani. Hoja hiyo ina uzito, na nisingependa kumkuta mwalimu wa binti yangu ametundika bendera ya mgombea wa urais, yeyote yule. Wanaoipinga wanasema bendera ya upinde wa mvua haikuwekwa pale kwa ajili ya kampeni. Iliwekwa ili mtoto anayepigwa na kutukanwa uwanjani ajue kuna chumba kimoja ambamo hataguswa. Hoja hiyo nayo siwezi kuipuuza, kwa sababu binti yangu ametukanwa uwanjani kwa rangi yake, na najua mtoto anavyochungulia kila chumba kabla ya kuingia. Najua baadhi yenu hamtapenda nikisema hivyo. Mimi ningebakiza ya taifa, ya jimbo na zile za masomo, kisha ningemdai mwalimu ulinzi wa kila mtoto kwa vitendo, lakini sijidanganyi kwamba orodha imemaliza ugomvi.

Gavana wetu, Spencer Cox, aliiacha iwe sheria bila kuitia sahihi, akieleza kwamba hata angeikataa bunge la jimbo lingempita kwa wingi wa kura. Aliongeza jambo moja: ukiondoa bendera peke yake, mabango, michoro na alama nyingine bado zina njia ya kuingia darasani. Idaho, jimbo tunalopakana nalo kaskazini, limelionesha hilo vizuri. Mwaka huohuo wa 2025 mwalimu mmoja huko aliagizwa kuondoa bango lililosema kila mtu anakaribishwa hapa, lenye picha ya mikono ya rangi mbalimbali, kwa maelezo kwamba halikuwa na msimamo wa kati. Bango, si bendera. Na hapa Utah, siku moja tu kabla ya sheria kuanza kutumika, Baraza la Jiji la Salt Lake City lilipitisha bendera mpya za jiji, likiweka ua la sego, ambalo ni alama ya jiji, juu ya bendera ya upinde wa mvua, ya watu waliobadili jinsia na ya Juneteenth, siku ya kukumbuka mwisho wa utumwa. Sheria inaruhusu bendera za miji, nao wakasema hizi ndizo bendera za mji wetu. Boise, mji mkuu wa Idaho, nao ulifanya ujanja wa aina hiyohiyo. Nilicheka sana, nikiri, ingawa mimi ni mgeni na kicheko cha mgeni hakina gharama.

Nije kwenye swali la kiapo, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote, na ndilo ambalo nyumbani tunalielewa vibaya zaidi. Ni kweli kwamba asubuhi watoto husimama, huweka mkono wa kulia kifuani na kutamka maneno ya utii kwa bendera. Maneno hayo yaliandikwa mwaka 1892 na Francis Bellamy, aliyekuwa akifanya kazi katika gazeti la vijana ambalo pia liliuza bendera kwa shule, kwa hiyo biashara ilikuwa na mkono wake tangu mwanzo. Zamani hawakuweka mkono kifuani. Waliunyoosha mbele kuelekea bendera, mpaka mwaka 1942 walipoona saluti hiyo inafanana mno na ya Hitler wakaibadili. Maneno yanayomtaja Mungu yaliongezwa mwaka 1954. Hakuna cha kale sana mle kama wengi wanavyodhani.

Lakini kulazimishwa, hapana. Mwaka 1940 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa majaji wanane dhidi ya mmoja, kwamba shule inaweza kuwafukuza watoto wa Mashahidi wa Yehova waliokataa kuipigia bendera saluti. Miaka mitatu tu baadaye, tarehe 14 Juni 1943, nchi ikiwa katikati ya Vita Kuu ya Pili na siku yenyewe ikiwa Siku ya Bendera, mahakama hiyohiyo ilijigeuka, sita kwa tatu, katika kesi kutoka West Virginia. Jaji Robert Jackson aliandika kwamba hakuna ofisa, awe mkubwa au mdogo, mwenye mamlaka ya kuamua raia waamini nini katika siasa, uzalendo au dini, wala ya kuwalazimisha kulikiri kwa maneno au kwa kitendo. Hukumu hiyo bado inatumika. Orodha ya Utah inaweza kusema kitambaa gani kitundikwe ukutani; haiwezi kumwagiza mtoto mmoja akiinamie.

Na kabla hatujawacheka, tukumbuke kwamba yametupata sisi pia. Wanafunzi wa imani hiyohiyo walifukuzwa na kuadhibiwa shuleni Tanzania kwa kutoimba wimbo wa taifa mstarini, na ikabidi Mahakama ya Rufani, mwaka 2013, iseme kwamba adhabu ile ilivunja uhuru wao wa kuabudu. Mimi nilisimama mstarini miaka yote ya shule bila kujiuliza kama kuna anayeweza kunyamaza. Nilikuwa nikiipenda bendera, na bado naipenda, ila sikuwahi kujua kama naipenda kwa hiari.

Shangazi, binti yangu anatamka kiapo. Nilimwambia kwamba anaweza kunyamaza akitaka, naye akajibu kwamba anapenda kutamka pamoja na wenzake, na mwalimu hajawahi kumwangalia yeyote anayekaa kimya. Nilialikwa darasani kwao asubuhi moja, kamba ya bendera ikiwa imerudishwa. Ya kwetu ameichora kinyume: mstari mweusi unateremka kutoka kushoto juu badala ya kupanda kutoka chini, na kijani kimeenda mahali pa bluu. Watoto wakasimama kwa ajili ya kiapo, nami nikasimama nao kwa heshima, mikono ubavuni, mdomo nimefumba, macho yangu kwenye ile karatasi. Hakuna aliyeniuliza kitu. Walipomaliza, mwalimu aliwaambia wafungue daftari za hesabu.