Dagaa wahesabiwe asubuhi, fedha zigawanywe jioni

Wakati wa giza, usiku usio na mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa hutoka Igombe, hapa Mwanza, jua likizama na kurudi alfajiri. Mimi hununua pale mwaloni, dagaa wanaposhushwa, nikapeleka soko la Kirumba, kwa hiyo nawaona wavuvi saa ile wanateremka, macho mekundu, nguo zimelowa. Hapo hapo, chai haijamiminwa, hesabu inaanza. Mafuta alilipa nani, beseni ngapi za tajiri, mwenye mtumbwi. Mtu anahesabu, akifika sita anarudi nne, anaanza upya. Punde kashamkunja mwenzake shati.

Watu husema wavuvi ni wakorofi. Sikubali. Wakute hao hao wakati wa mbalamwezi, wasipoenda ziwani: bao na utani mchana kutwa.

Ni ubongo uliokesha. Sehemu iliyo nyuma ya paji la uso ndiyo breki yetu, hupima neno kabla halijatoka. Ndani zaidi iko amigdala, inayoamsha woga na hasira. Usipolala, breki inalegea. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwapima vijana waliokesha, wakakuta amigdala zao zinaitikia picha za kuudhi kwa asilimia 60 zaidi ya za waliolala. Wenzao wa Australia walishaonyesha mwaka 1997 kwamba mtu akikaa macho saa 17, utendaji wake hushuka kama wa mwenye pombe asilimia 0.05 kwenye damu. Mvuvi aliyeamka saa mbili asubuhi hufika hapo saa saba usiku, bado yuko katikati ya maji.

Kwa hiyo asubuhi hesabuni beseni tu, mwandike kwenye daftari mbele ya mashahidi, mkalale. Fedha zigawanywe jioni. Kambi ninayonunua kwao wanafanya hivyo sasa, ingawa mwanzoni tajiri alidhani anazungushwa.

Kahawa haisaidii sana. Adenosini, kemikali ya ubongo inayoleta usingizi, hujilimbikiza kadiri unavyokaa macho. Kafeini huzuia tu ubongo usiisikie, na usingizi wa mchana unaukosa.

Mtu akishapandisha hasira, kumwambia "tulia" ni kumzidishia. Mkalishe, mpe uji, mwache apumue. Kutoa pumzi polepole huamsha neva ya vagasi, inayotoka ubongoni hadi moyoni, na mapigo ya moyo hushuka. Mpe muda, maana adrenalini haiishi mwilini papo hapo.

Na wewe mnunuzi mwenzangu, deni la wiki iliyopita usilidai saa kumi na mbili asubuhi. Mimi huenda saa kumi jioni.