Kagonga koo kwenye usukani wa baiskeli, sauti imekwaruza: usimchue, mpeleke hospitali

Dada pole sana. Umesema mwanao wa miaka 6 kaanguka na baiskeli jana jioni, usukani ukampiga kooni, hana kidonda ila sauti imekwaruza, na bibi yake anataka kumchua na mafuta ya moto. Msimchue. Mpeleke hospitali leo hii, tena yenye daktari wa masikio, pua na koo kama ipo karibu.

Mi ni muuguzi, nimekaa mapokezi ya dharura miaka mingi na kuna mtoto mmoja simsahau. Alikuwa anakimbia uani akakabwa na kamba ya kuanikia nguo, akaja anatembea mwenyewe, shingoni kamstari kekundu tu, ilibaki kidogo apewe dawa ya maumivu arudi nyumbani. Nikampapasa shingo, chini ya ngozi kunachakarika kama mfuko wa nailoni, aisee nilishtuka, maana hiyo ni hewa imevuja, ndani pamepasuka. Haikupita nusu saa akaanza kuvuta pumzi kwa mluzi.

Gegedu za koo la mtoto, ile mifupa laini inayoshikilia njia ya hewa, ni laini zaidi, zinabonyea zinarudi, kwa hiyo nje huoni kitu huku ndani panavimba taratibu kwa masaa. Na njia yenyewe nyembamba, ikiwa na milimita 4 halafu uvimbe ukawa milimita 1 tu kuzunguka pande zote, nafasi inayobaki ni robo.

Yule mtoto wa kamba tulimwacha mapajani kwa mama yake, kila tukimlaza anahangaika na kilio kinammaliza pumzi, oksijeni tukaishika karibu na uso, hatukumsukumia hewa kwa mfuko maana ingezidi kuvujia kwenye nyama. Daktari wa usingizi na wa koo wakaingia naye thieta, wakamtia usingizi kwa dawa ya kuvuta huku anapumua mwenyewe, wakachungulia kwa kamera ndo wakapitisha mpira wa kupumulia, mdogo kuliko wa umri wake, na vifaa vya kutoboa koo viko wazi pembeni. Alipona, sauti ilichukua muda kurudi.

Njiani akae anavyotaka mwenyewe, shingo msiigeuzegeuze, asile wala asinywe. Akianza kudondosha mate, kukohoa damu au kupumua kwa mluzi hiyo ni dharura, msipange foleni. Wakisema yuko sawa, omba alale wodini aangaliwe mpaka kesho.

Na ukifika mapokezi usianze na stori ya baiskeli, anza na hili: "kapigwa kooni na sauti imebadilika."