DL-103 na transfoma: 1:10 au 1:20?

Kaka, umeuliza transfoma ipi ya kupandisha volteji ndogo ya katriji (kile kichwa chenye sindano kinachosoma santuri) kabla haijafika kwenye priampu, yaani kikuza sauti cha awali. Kwa Denon DL-103 yako mimi ningeanza na 1:10, ile inayozidisha volteji mara kumi. Wengi huangalia volteji peke yake: katriji inatoa milivolti 0.3, zidisha mara 20 upate 6, basi 1:20 imeshinda. Hesabu haiishii hapo. Ukinzani wa priampu kwenye ingizo la MM (la katriji za sumaku inayosogea), kwa kawaida omu 47,000, unaifikia katriji ukiwa umegawanywa kwa uwiano mara uwiano. Kwa 1:10 katriji inaona omu 470. Kwa 1:20 inaona kama 118 tu, na DL-103 ina ukinzani wake wa ndani wa omu 40, kwa hiyo robo ya volteji inapotelea humo humo. Ile 6 inabaki kama 4.5.

Kwa 1:10 unapata karibu 2.8, na priampu nyingi za MM zinaimudu. Ukilazimika kufungua sauti sana mpaka usikie kelele ya "shhh", hapo 1:20 ina hoja. Za 1:30 waachie wenye katriji za omu chache tu.

Halafu usiiweke transfoma karibu na mota ya pleya au transfoma ya umeme ya ampu, itanguruma kama jenereta ya jirani. Waya wa kwenda kwenye priampu uwe mfupi. Mrefu huharibu sauti za juu, na hilo watu hulilaumu kwenye katriji.